Niliivujisha Mwenyewe Albamu ya Kwaya Yetu, Akasimamishwa Dada Asiye na Kosa

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wengine wote mambo vipi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nasikitika, naondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha wa kwangu, na sijauanzisha kwa raha.

Nitakayoandika yote yamenitokea mimi. Majina ya watu nimebadili na kanisa sitalitaja. Mengine sijaongeza wala kupunguza.

Naishi Nyasho hapa Musoma, nina mke na watoto watatu, nauza kwenye duka la mtu la vifaa vya ujenzi. Kwa miaka tisa nilikuwaga katibu wa kwaya. Kazi ya katibu mnaijua: mahudhurio, muhtasari wa vikao, kutunza vitu vya kwaya.

Niseme jambo moja kabla sijafika mbali. Kabla ya haya yote sikuwahi kununua wimbo hata mmoja maishani. Simu yangu ilijaa nyimbo, laptop ilijaa movie, na zote nilirushiwa na washkaji au niliwekewa kibandani. Sikuwahi kujiita mwizi. Naamini wengi wenu mko hivyo hivyo, kwa hiyo tusomane taratibu.

Mwalimu wetu wa kwaya tumwite Mwalimu Majura. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Butiama. Kila Jumamosi alikuwa anakuja Musoma kutufundisha, na hata kipindi cha mvua tulikuwa tunamkuta ameshafika, amekaa kwenye benchi la mbele na daftari lake.

Huyu mzee anatunga, wakuu. Alikuwa na wimbo mmoja wa mjane anapalilia pamba peke yake, anamwambia Mungu mstari aliofikia na mistari iliyobaki. Ukifika ubeti wa tatu, wanawake kanisani wanatafuta vitambaa vyao.

Tatizo lilikuwa moja. Maneno aliandika kwenye daftari, lakini nota hakujua. Sauti zote nne alikuwa nazo kichwani. Anawaimbia soprano mpaka washike, anahamia alto, tenor, halafu besi. Nyimbo zake zilikaa ndani yake tu.

Mwaka juzi koo likaanza kumsumbua. Sauti inakwama katikati ya kufundisha, anakunywa maji, anaendelea. Akaenda hospitali, akaambiwa kuna kitu kimeota kooni na huenda atapasuliwa. Jumamosi iliyofuata akatukusanya.

"Mnazo nyimbo zangu kumi," akasema. "Ninazo nyingine kumi na nne hamjazisikia. Turekodi hizi kumi tuziuze. Zikiuzika turudi studio na hizo nyingine, kama sauti bado ninayo."

Mpango mzima ulikuwa huo. Hakuna aliyetaka utajiri.

Mnaijua kwaya ya watu wa kawaida. Mama mmoja aliuza mbuzi wake. Waimbaji wanaotoka vijiji vya ziwani walileta dagaa tukawauzia mjini. Tukaenda studio Mwanza siku mbili, tukalala kwenye madarasa ya shule moja kwa ukarimu wa mwalimu mkuu. Tukarudi na nyimbo kumi safi.

Solo ya ule wimbo wa mjane aliimba dada mmoja, tumwite Perusi. Huyu ndiye wa kwenye kichwa cha uzi. Ana stationery ndogo Manyamanyama, Bunda: kopi, kuchapa barua, kupiga lamination. Kila wiki alikuwa anajilipia nauli mwenyewe kuja mazoezini Musoma na kurudi. Ni mpole, haongei sana. Akiimba ndiyo unajua alikuwa na mambo mengi ya kusema.

Kamati ikakubaliana tuuze kwa flash, maana siku hizi deki ya CD nani anayo. Flash moja, nyimbo kumi, kava nzuri yenye picha yetu tumevaa sare. Kava atatengeneza Perusi pale kwake.

Kwa hiyo nyimbo zilikuwa kwa watu watatu tu. Mwalimu alikuwa na yake ya kusikiliza. Perusi alipewa flash kwa siku nne ili aandike majina ya nyimbo na dakika zake kwenye kava. Na mimi katibu nilitunza ile kuu.

Uzinduzi ulikuwa umebakiza wiki tano.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, tumwite Masatu, ni bodaboda pale stendi ya Bunda. Jumapili moja mchana alikuja kutusalimia, tukala ugali wa muhogo na sato. Tulipomaliza nikamwambia, shemeji, hebu sikiliza kitu. Nyimbo nilikuwa nimeshazihamishia kwenye simu yangu, jambo ambalo hata kamati haikuruhusu.

Nikampigia ule wa mjane.

Masatu alikuwa anachokonoa meno. Akaacha. Ulipoisha akasema, "Shemeji, huyo si ni Mama kabisa?"

Mama yao, mkwe wangu, alifiwa na mume akiwa bado binti. Amewalea wote kwa pamba. Nikamwona jamaa macho yamejaa.

"Nirushie huo mmoja tu," akasema. "Nikamsikilizishe Mama."

Ungekuwa wewe ungemjibuje?

Nikafungua ile app ya kurushiana mafaili. Nyimbo zote kumi zikajipanga pale. Nilitakiwa kuweka tiki mmoja. Nikaweka zote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ni fahari tu. Nilitaka mtu wa nje ya kwaya azisikie zote, aseme tunajua.

Nikamwambia, "Ila shemeji, ziishie kwa Mama."

Akacheka. "Wewe tena! Kwani mimi mtoto?"

Hata dakika mbili hazikufika, zikawa zimeingia.

Sina ugomvi na Masatu. Mama alisikilizishwa kweli, na alilia kweli. Jirani yake akaomba. Masatu akaupiga kwenye redio ya pikipiki, mwenzake wa kijiweni akaomba. Mmoja wao akazipeleka zote kumi kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo. Ukiangalia mmoja mmoja, hakuna aliyefanya tofauti na nilichofanya mimi pale mezani kwangu.

Wiki ya tatu nikaenda Bunda kumpelekea Perusi karatasi za kava. Nashuka stendi, nasikia sauti ya Perusi inatoka kwenye spika ya kibanda. Na katikati ya solo kuna jamaa ameingiza sauti yake juu, anajitaja jina kwamba yeye ndiye mkali wa Bunda nzima.



Nikajisogeza kama mteja. Nikamuuliza mwenye kibanda hiyo kwaya ya wapi.

"Ya huko Musoma, sijui. Ila moto hiyo, kila mtu anaitaka. Nikuwekee?"

Kwenye kompyuta yake kuna folda imeandikwa KWAYA MPYA KALI. Zote kumi zimo.

Pembeni yangu alisimama mama ameshika memori kadi kwenye kipande cha karatasi, anasubiri zamu, hela mkononi. Hapo ndipo kitu kikanigonga. Watu kulipa wanalipa. Wanamlipa wa kunakili. Aliyeimba hawamkumbuki, kwa sababu hawajakutana naye mahali popote kwenye hiyo safari.

Nikafika kwa Perusi, nikampa karatasi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Katibu, umesikia huko stendi?"

"Nimesikia."

"Sasa zimetokea wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Wakuu, ningesema ukweli dakika ile, huu uzi usingekuwepo.

Siku ya uzinduzi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje madirishani. Tukaanza wimbo wa kwanza. Kabla hatujamaliza mstari wa pili, kanisa zima linaimba na sisi. Maneno yote wanayo. Mwenyekiti wetu, Mama Nyangeta, akadhani ni upako, akaanza kulia kwa furaha.

Mimi nilimwangalia Mwalimu Majura. Alikuwa mbele yetu anaongoza kwa mkono. Mkono ukasimama hewani. Akageuka akawatazama watu wanavyoimba wimbo ambao yeye hajawapa bado. Halafu akageuka tena kwetu, akaendelea.

Watu walicheza sana siku ile. Mgeni rasmi alicheza mpaka koti likavuliwa. Ibada ikaisha, meza ya flash iko mlangoni, nimekaa pale na dada mmoja wa soprano.

Watu walipita kama wanaotoka kutoa pole. Wanatushika mkono. "Hongereni sana, mmetubariki."

"Basi chukua moja uende nayo nyumbani."

"Aa, mimi ninazo, katibu. Ninazo zote kumi."

Walisema bila aibu wala ubaya. Walisema kwa furaha, kama mtu anayekwambia yeye ni shabiki wako wa siku nyingi. Walionunua ni ndugu zetu, mchungaji, na wachache waliotuonea huruma.

Tukazunguka nazo. Bunda sokoni mama mmoja akatuuliza, "Hivi nyie neno la Mungu mnaliuza?"

Mama Nyangeta hakubali kushindwa. Akamjibu, "Na Biblia yako uliokota?"

"Biblia ni kitabu," yule mama akasema. "Hizo si sauti tu?"

Lakini aliyeniumiza zaidi ni mzee mmoja mwenye duka Butiama. Huyu alituona tunapita na sare, akatusimamisha, akachinja mbuzi. Waimbaji thelathini tulikula tukashiba, tukapewa na soda. Muda wote redio yake inapiga nyimbo zetu, na yule jamaa wa Bunda anajitaja jina juu ya solo.

Tukiaga, nikamwambia, "Mzee, chukua basi hata flash moja."

Akanitazama kama nimetaka kumtapeli.

"Katibu, mbuzi nimewapa kwa moyo. Mkisema kwaya ina shida mnataka mchango, nitatoa sasa hivi. Ila kununua kitu ambacho ninacho? Hapana mura, hapo mnanifanya mjinga."

Na mchango tuliona aibu kuomba. Tulikuwa tumekuja kuuza kazi yetu, sio kuomba.

Nimemfikiria sana yule mzee. Hakuwa bahili, mbuzi si alichinja? Mtu akishapata kitu bure, moyoni kwake bei yake ni bure. Ukija baadaye na bei nyingine, mwizi unaonekana wewe.

Tukashusha bei. Tukashusha tena, mpaka ikawa sawa na flash tupu dukani. Hapo kweli zikaanza kutoka. Jamaa mmoja akachukua tano kwa mpigo, nikafurahi, nikamuuliza anawapelekea kina nani. Akasema, "Nazifuta, naweka movie." Aliniambia usoni, wala hakuona kama ni tusi.

Ndipo kikao kikaitishwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ndani ya kanisa. Mama Nyangeta alianza kwa sala, halafu akamgeukia Perusi.

"Mwanangu, nyimbo zilikaa kwako siku nne. Kazi yako ni ya kompyuta. Na zimeanzia Bunda. Tusaidie."

Perusi alisimama. "Mama, mimi niliandika majina na dakika, basi. Ningekuwa nimeziuza mimi, ningekubali mtu apige kelele juu ya sauti yangu mwenyewe?"



Akanigeukia. Hakuwa ananishuku. Alinigeukia kwa sababu aliniamini.

"Katibu, wewe siku ile ulikuja kwangu. Uliniona nilivyoshtuka. Waambie."

Nikainamisha kichwa, nikawa naandika. Sikuinua macho. Nakumbuka nilichoandika neno kwa neno: "Kikao kimemsimamisha mwimbaji Perusi hadi uchunguzi utakapokamilika." Uchunguzi gani? Hakuna aliyechunguza chochote. Na mchunguzi angenianzia mimi.

Mwalimu Majura alinyanyuka kutaka kusema. Ikatoka hewa tu. Akajaribu tena, akashika koo, akakaa.

Perusi alivua skafu ya kwaya, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele yangu. Akatoka kwenda kupanda gari la Bunda.

Baada ya hapo kwaya haikukaa. Alto wawili walimfuata. Wengine wakaanza kuangaliana vibaya, kila mtu anamshuku mwenzake. Ule wa mjane hatukuweza kuuimba tena, hakuna wa kuubeba. Tukawa kumi na wawili, tukawa saba, halafu Jumamosi moja nilifika peke yangu.

Mwalimu alipasuliwa Mwanza. Amepona, tunamshukuru Mungu. Sauti haikurudi. Anaongea kwa kunong'ona, na akichoka anaandika.

Najua mtauliza kwa nini hatukumrekodi kwa simu kabla ya upasuaji. Nilimwomba hivyo hivyo kabla hajapasuliwa. Akanong'ona, "Nikuwekee kwenye simu, kesho iko stendi na kelele za yule bwana juu yake? Acha."

Zile kumi na nne, maneno yapo kwenye daftari. Namna zinavyoimbwa hakuna binadamu anayejua isipokuwa yeye, na yeye hawezi kuitoa.

Miezi miwili iliyopita nikashindwa kuendelea kukaa na hili jambo. Nikaenda Butiama. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: Masatu, Mama mkwe, tiki kumi, kikao.

Hakunikatisha. Nilipomaliza alichukua kalamu, akaandika maneno mawili: "Perusi umemwambia?"

Nikasema bado.

Akafunga daftari, akaninyooshea kidole njia ya kwenda barabarani. Hakuniaga.

Siku hiyo hiyo nikapanda gari mpaka Bunda, nikatembea hadi Manyamanyama. Perusi alikuwa anatoa kopi. Nikamwambia pale pale, mbele ya mashine yake. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya kifuniko, mashine inanguruma.

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Akasema, "Baba yangu amefariki mwaka huu. Alifariki anajua mimi ndiye niliyeiba nyimbo za kanisa. Huyo utamwambia lini?"

Akainua kifuniko, akatoa karatasi ya mteja.

"Una kitu cha kutoa kopi?"

"Sina."

"Basi pisha wateja."

Nikapisha.

Nimeandika barua kwa kanisa, imesomwa mbele ya watu wote. Mnajua kilichotokea? Watu walinifuata nje kunifariji. "Katibu, sasa kurushiana nyimbo nalo ni la kusimamisha ibada?" Mmoja akaniuliza kwaya inarudi lini, maana watoto wake wamezichoka zile kumi. Perusi kasafishwa jina kwenye karatasi, lakini hakurudi, na simlaumu.

Mtasema nitoe funzo. Ninalo dogo tu. Kurusha faili hakuumi mkononi, ndiyo maana tunarusha. Anayeumia yuko mbali, na mpaka maumivu yamfikie, wewe umeshasahau hata uliweka tiki. Na kukaa kimya mwenzako akibeba kosa lako, hiyo sina cha kuifananisha nayo. Suluhisho sina. Nilikuwa natamani ningekuja na ushauri, sina.

Matusi naruhusu, nimeyastahili. Wenye kwaya, wenye studio, mliowahi kutoka kwenye shimo kama hili, semeni mlitokaje.

Lakini kabla hujaandika, naomba ujibu swali moja kwa ukweli wako, maana mimi mwenyewe jibu langu ni hapana: kuna yeyote humu aliyewahi kutoa hela yake kununua wimbo ambao tayari alikuwa nao kwenye simu?